Kinasa Sauti cha Saba

Wenzake wa bendi walimwita Sumaku, na jina hilo hakulipata kwa kuvuta watu. Mwenyewe alikuwa wa kwanza kukutoa wasiwasi juu ya hilo. "Ningekuwa navuta watu," alikuwa akisema, "tusingekuwa tunawapigia wahudumu na viti miaka yote hii." Alilipata kwa sababu hakuweza kupita karibu na spika iliyokufa au mlango wa friji uliotupwa bila kuuchokonoa atoe sumaku yake. Mifuko yake ilijaa sumaku, na mara nyingi alipoinuka kwenye kiti cha ugenini aliinuka na kijiko cha watu kimemganda pajani.

Kwa kazi alikuwa fundi wa kusuka mota. Pampu ya maji ikiungua, au feni, au mashine ya kusaga, unampelekea kibandani kwake, kati ya duka la rangi na kwa kinyozi. Anang'oa waya zilizoungua, anasuka mpya mzunguko kwa mzunguko, anapaka vanishi, anakurudishia ikinguruma. Miaka ishirini na sita aliifanya kazi hiyo, na mota iliyotoka mikononi mwake hairudi, labda mwenyewe aitumbukize kisimani. Kazi hiyo aliijua. Jumapili mchana alipiga gita la solo katika bendi ya watu watano, kwenye bustani ya hoteli moja ndogo, na siku nyingine kwenye hafla za maofisini. Na kazi hiyo pia aliamini anaijua.

Imani ilipata ufa baada ya hafla ya kumuaga mkuu wa masijala aliyekuwa anastaafu. Binti wa mstaafu alirekodi kwa simu, na kesho yake akamtumia Sumaku pamoja na maneno ya shukrani. Sumaku akaifungua kibandani, kinyozi akiwa amekuja kuazima bisibisi.

"Nani huyu anayepiga solo?" Sumaku aliuliza, uso kaukunja.

Kinyozi akainama kutazama. "Si wewe? Kofia ile naijua."

Ni kweli, kofia ilikuwa yake. Lakini sauti ya gita ilikuwa nyembamba, kali, isiyo na nyama, kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Mtu mwingine hapo angevitazama vidole vyake. Sumaku wazo hilo halikumpitia hata kwa mbali. Fundi wa mota akisikia kelele mbaya hutafuta waya, naye akatafuta waya. Alilifungua gita lake siku hiyohiyo, akaukuta uovu wote umekaa mahali pamoja: kile kidude cha sumaku iliyozungushiwa waya, kinachokaa chini ya nyuzi na kuunasa mtetemo wake ili uende kwenye spika. Wanamuziki hukiita pikapu, yaani kinasa sauti.

Alifika nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyepandishwa cheo. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa sebuleni akishona sare za shule.

"Mama, nimeamua. Pikapu ile naibadilisha."

Mguu wa mke ukasimama juu ya kikanyagio. "Pikapu ipi?"

"Ya zamani. Imechoka, haina nguvu tena. Nataka yenye nguvu."

"Baba we! Una pikapu, na mimi vitambaa nabeba kichwani?"

Ilimchukua muda kumwelewesha, na alipokwisha kumwelewesha mke alimtazama kwa huruma kubwa kuliko hasira. "Aa," akasema, akarudi kwenye mshono wake. "Kumbe kidude." Tangu siku hiyo, nyumbani kwao kikaitwa kidude, na heshima yake haikupanda tena.

Vidude vinne vya kwanza Sumaku alivitoa kwenye magita mabovu ya watu. Cha kwanza kilivuma kama jokofu, na kikanyamaza tu alipogeuka kuelekea ukuta wa hoteli. Kwa hiyo Jumapili nzima akapiga akiwa amewapa watu mgongo. Mgeni mmoja akamuuliza mhudumu kama yule wa gita amenuniwa au amenuna. Cha pili kilikuwa na nguvu kiasi cha kummeza mwimbaji. Mwimbaji alikuwa mama mwenye mwili na sauti, hakuzoea kumezwa, na alimwambia hivyo. Cha tatu kilifanana na cha pili. Cha nne alipoulizwa habari zake baadaye alisema tu, "Tusiseme mabaya ya marehemu."

Hapo ndipo akili ya ufundi ilipompanda kichwani. Yeye anayesuka mota za mashine za kusaga anahangaika na waya za watu wengine? Akachagua waya nyembamba kuliko zote kibandani, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, akapanga sumaku zake ndani ya kibao kidogo. Tatizo likawa mizunguko. Kinasa sauti kinahitaji mizunguko elfu nane hivi, na kwa waya ile mkono wa mtu haufai: ukivuta kidogo tu, imekatika. Alihitaji mashine laini, inayozunguka taratibu, na mashine hiyo alijua ilipo.

Mke alikuwa ametoka kupeleka sare. Sumaku akakifunga kibao chake pale cherehani inapozungushia uzi wa chini, akaketi, akaanza kukanyaga. Kila mizunguko mia alichora mstari wa chaki sakafuni. Alikuwa amefika elfu sita na mia tatu mlango ulipofunguliwa.

"Unafanya nini na cherehani yangu?"

"Usinisemeshe."

"Nimekuuliza unafanya nini."

"Elfu sita mia tatu na kumi na... Mama, umenipoteza!"

"Mimi nimekupoteza? Wewe ulishapotea zamani, baba." Kisha akaiona mistari ya chaki iliyotoka miguuni pa cherehani hadi chini ya kochi, akaketi mahali hapohapo akacheka mpaka machozi. Sumaku alikadiria iliyobaki. Ndiyo maana cha tano kilikufa siku ya pili, na cha sita, alichokisuka kwa kuvizia mke akiwa sokoni, kilisukwa harakaharaka, waya zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Lakini kilitoa sauti, na kwa masikio ya Sumaku sauti ilikuwa na nyama. Akakifunga kwenye gita, akaenda nacho Jumapili.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba kinasa sauti kilicholegea namna ile hakiishii kwenye nyuzi. Kinanasa chochote kinachokikaribia. Na Sumaku alikuwa na mazoea ya kuliinamia gita lake, sikio karibu na mkono, kama daktari anayesikiliza kifua.

Siku hiyo, kwa bahati yake, bustani ilijaa. Kulikuwa na wanachama wa ushirika fulani waliomaliza mkutano wao, viti havikutosha, watu wakaegemea hata ukuta. Kiongozi wa bendi, mwalimu mstaafu mpole aliyepiga gita la besi, alifurahi akapotea kidogo katikati ya wimbo wa taratibu. Akarudi, akapotea tena. Sumaku akainama chini kabisa, akajinong'oneza mwenyewe, "Mzee huyu leo anapiga besi kama anayepasua kuni."

Maneno yakatoka kwenye spika. Hayakutoka vizuri, yalitoka kama ya mtu anayesemea ndani ya debe. Lakini yalitoka yote, na neno "kuni" lilifika hadi jikoni. Mpiga ngoma aliacha mkono hewani. Bustani nzima ikageuka kumtazama Kiongozi, kisha Sumaku, ambaye kichwa chake kilikuwa bado kimeinama.

"Mungu wangu," alinong'ona, "wamesikia."

Na hilo nalo likatoka.

Watu wa ushirika walivunjika mbavu. Mmoja alipiga meza, soda zikaanguka. Sumaku hakukumbuka wimbo uliishaje. Alichokumbuka ni kofia aliyoivuta mpaka kwenye nyusi. Walipokuwa wanakusanya waya zao Kiongozi alimwendea, hakupandisha sauti. "Sumaku, ndugu yangu, pumzika wiki mbili tatu. Mimi huku nitaendelea kupasua kuni."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Sumaku alimheshimu mzee yule kama kaka mkubwa. Ndiye aliyemfundisha gita, jioni nyingi, bila kumdai chochote. Akatembea hadi nyumbani na gita mgongoni, na kila aliyemsalimia njiani alimjibu kwa sauti ya chini, kana kwamba gita bado linasikia.

Fundi redio wa mtaa wa pili ndiye aliyemweleza kosa. "Waya zako zinatetemeka zenyewe. Zizamishe kwenye nta ya moto, zigande. Zitanyamaza." Sumaku akasuka upya, cha saba, safari hii kwa ruhusa ya mke na kwa utulivu, mizunguko elfu nane kamili, mke mwenyewe akichora chaki. Kisha akayeyusha mishumaa minne kwenye sufuria ya maziwa, jambo ambalo halikuwemo kwenye ruhusa. Wiki nzima chai yao ilikuwa na utando juu. Mke alikunywa kimya akimtazama, na Sumaku akaona hajawahi kuadhibiwa vikali hivyo.

Siku zilezile alifika shemeji yake, mdogo wa mke, mkunga aliyehamishiwa zahanati ya jirani. Angekaa nao hadi apate chumba. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikavu iliyonawa sana. Jumamosi asubuhi alimkuta Sumaku ukumbini akijaribu cha saba, akipiga kipande kilekile mara ya kumi.

"Shemeji, hii naiona ni nzuri," mkunga alisema. "Lakini mbona unaikimbiza?"

"Naikimbiza?"

"Unapiga kama mtu anayetoroka. Naomba nijaribu. Chuoni tulikuwa na kikundi."

Sumaku akampa gita kwa ile roho ya mtu mzima anayempa mtoto usukani wa gari lililozimwa. Mkunga akalipakata, akagusa uzi mmoja, akausubiri ufe wenyewe, kisha akaanza.

Cherehani ilikuwa ikilia sebuleni, ikanyamaza. Sumaku alisimama na kikombe mkononi. Cha kwanza alichokisikia kilikuwa furaha tupu, kwa kuwa sauti ndiyo hiyo! Nene, yenye joto, inayoimba, ile aliyoitafuta tangu siku ya simu. Kinasa sauti alikisuka yeye, nta aliiyeyusha yeye. Alitaka kumwita kinyozi, alitaka kumwita hata Kiongozi. Kisha, polepole, jambo la pili likamfika. Gita ni lile. Spika ni ile. Kidude ni kile alichokuwa anakipigia yeye dakika mbili zilizopita, nacho kikawa kinalia kama mbu.

Akasema anakwenda kutazama bomba la maji nje. Bomba halikuwa na tatizo lolote. Mke akamfuata, akamkuta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anavitazama vidole vyake.

"Umekasirika?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nahesabu."

"Mizunguko tena?"

"Miaka," Sumaku alisema, akaanza kucheka, kwanza kwa shida, kisha kwa kweli. "Mama, nimefungua gita mara saba kutafuta mwizi, kumbe mwizi ndiye anayeshika bisibisi."

Mke akaketi pembeni yake, chini. Hakumbishia, jambo ambalo Sumaku alilitambua. "Lakini kidude umekitengeneza vizuri," alisema baadaye. "Hilo hata mimi nimelisikia." Ilikuwa mara ya kwanza kumsifia kidude, na Sumaku alilichukua neno hilo akalificha kama karanga shavuni.

Jumatatu alikwenda kwa Kiongozi, akamkuta uani akimwagilia mboga. Sumaku alikuwa ameandaa hotuba. Ilipofika wakati wake aliikata ikabaki mstari mmoja.

"Mwalimu, nimekuja na mambo mawili. Samahani, na shemeji yangu."

Kiongozi akaweka kopo chini. "Samahani nimeipokea. Shemeji anafanya nini?"

"Anapiga solo. Mimi nitapiga lile la kusindikiza, kama mtanihitaji."

"Nani kakuambia ufanye hivyo?"

"Hakuna. Nilikuwepo alipopiga."

Mzee akaliokota kopo lake. "Unajua," akasema, "siku ile nilikuwa napasua kuni kweli." Na wote wawili walilazimika kushika ukuta kwa kicheko.

Basi ikawa hivyo. Mkunga akasimama mbele Jumapili ambazo hakuwa zamu, na Sumaku akarudi nyuma, kando ya ngoma, na akodi zake tatu, zile sauti za nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Aligundua kuwa kwa nyuma anasikia vizuri zaidi, na kwamba mtu akikosea akodi huko hakuna anayeona isipokuwa mpiga ngoma, naye alikuwa mtu wa siri. Viti havikujaa kila wiki, lakini wapo watu waliokuja kwa ajili ya gita lile, na miongoni mwao wapiga gita wa bendi nyingine, waliosubiri mwisho wa onyesho wamuulize mkunga kuna nini ndani. Mkunga aliwaelekeza kwa fundi mota.

Ndivyo rafu moja kibandani ilivyoacha kubeba pampu ikaanza kubeba magita. Sumaku alisuka vinasa sauti kwa mashine ndogo aliyojitengenezea kwa mota ya feni. Lakini alikuwa na sharti moja, lililowaudhi wateja: hafungui gita la mtu kabla mwenyewe hajalipiga asikie.

Karani mmoja wa benki, amevaa vizuri, gita lake linang'aa, alipiga kwa dakika tano kibandani pale. Kinyozi alifika mlangoni, akasikiliza, akarudi kwake.

"Gita lako halina kasoro," Sumaku alisema kwa upole. "Nenda kafanye mazoezi. Taratibu, usilikimbize."

Karani akaona haya, kisha akaona hasira. "Umejuaje kama tatizo si pikapu?"

"Ugonjwa huo niliuugua mimi. Mara saba."

"Na ukapona?"

Sumaku alitaka kumjibu ukweli. "Nilipata shemeji," akasema.

Karani alichukua gita lake akaondoka, na inasemekana alienda kwa fundi mwingine akafungiwa kidude kipya cha bei mbaya. Sumaku aliposikia hakushangaa wala hakumcheka. Alivuta pampu ya watu iliyokuwa mezani, akaifungua, akaanza kuhesabu.