Mkia wa Taa na Binti wa Ghorofani

Juzi nilishuka basi la mwendokasi kituo cha Gerezani, nikakata mitaa kuelekea Kariakoo kutafuta kava la simu. Kariakoo ya siku hizi unaijua: ukisimama kidogo tu kuangalia kitu, tayari mtu kakushika mkono anakuita mteja wake. Nikajitosa kwenye duka la kwanza lililokuwa na feni. Nyuma ya meza ya kioo alikaa msichana muuzaji, kainamia simu yake anacheza gemu. "Shikamoo anti, karibu, nakuja sasa hivi," akasema bila hata kuinua kichwa. Nilitaka kukasirika, lakini sauti ya lile gemu ikanizuia. Ulikuwa mlio wa chuma kinachopita hewani, kisha kimya, kisha chuma kinarudi. Nilizunguka meza bila kuombwa, nikachungulia begani kwake. Alikuwa ameshika Mkia wa Taa.

Nikueleze, maana huenda wewe ulikulia kwenye mpira. Lilikuwa gemu la utotoni kwetu, la kupigana mmoja kwa mmoja, na kila mchezaji alichagua silaha yake. Palikuwa na panga pana za kukata mtu kwa pigo moja, palikuwa na mikuki, visu pacha, na mwishoni kabisa upanga mmoja wa ajabu, mrefu, mwembamba, wa pingili pingili. Sisi watoto wa mtaani tuliuita Mkia wa Taa, kwa sababu kila mtu alishamwona samaki taa amelazwa sakafuni soko la samaki la Feri, na ule mkia wake ambao wazee walituambia zamani ulitumika kuchapia watu. Upanga huo hukuushika ukakata. Uliurusha. Ulimpita adui ukamkwaruza kidogo tu, ukaenda zake mbali, halafu ukageuka kurudi mkononi mwako, na katika kurudi ndipo ulipokata kweli kweli. Shida ni kwamba muda wote huo mkono wako mtupu na adui anakujia. Watoto wengi waliujaribu mara moja, wakapigwa, wakaudharau. Nami niliudharau, mpaka nilipomwona yule binti wa ghorofani anautumia.

Gemu lenyewe lilikuwa nyumbani kwetu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, ua nyuma. Chumba cha mbele bibi alimpangisha kijana mmoja tuliyemwita kaka wa gemu, akaweka televisheni, mabenchi, na pedi mbili za kuchezea. Pedi nyekundu ilikuwa nzima. Nyeusi kitufe chake cha kukinga kilikuwa kimekufa, ukikibonyeza ni sawa na kubonyeza ukuta. Sheria ya chumba ilikuwa aliyeshinda anabaki, na ndiye anayechagua pedi. Aliyeshindwa anainuka, anaenda mwisho wa benchi.

Barazani bibi alikaanga bajia za kunde. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuzifikicha kunde zilizolowekwa mpaka maganda yaelee, kisha kuyamwaga, kisha kufikicha tena, vidole vimekunjamana kwa maji. Mchana harufu ya mafuta na kitunguu ilijaa mpaka chumbani kwenye gemu, ikachanganyika na jasho la watoto na mlio wa cherehani za mafundi wa jirani. Nje wasukuma mikokoteni walipiga kelele kuomba njia. Nikimaliza kazi, na kama hapakuwa na mteja, kaka wa gemu aliniruhusu kucheza bure. Lakini kwa pedi nyeusi. Nyekundu ilikuwa ya wateja.

Mkabala na sisi palikuwa na ghorofa la zamani lenye roshani za chuma. Juu yake iliishi familia ya Kihindi, wauza vitambaa, na binti yao alikuwa rika langu. Mama yake alipotaka bajia hakushuka. Aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, bibi akakijaza, kikapu kikapanda taratibu watu wote wanakitazama. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alikichagulia kikapu kile bajia zilizoumuka vizuri, nyekundu, zisizovunjika. "Hizo zimepasuka mtakula nyinyi," alituambia. "Za kikapu zinapanda juu, watu wanaziona." Nimekula bajia zilizopasuka utoto wangu wote, na hadi leo nikiona kikapu kinaning'inia mahali nakitazama vibaya.

Sasa huyo binti, tuliyemwita wa Ghorofani, siku moja akashuka mwenyewe. Akaketi kwenye benchi letu, akasubiri zamu yake kama mtu yeyote, akachagua Mkia wa Taa. Watoto wakacheka. Akaurusha, na badala ya kumkabili adui, akamzunguka, akampa mgongo, akasimama tuli. Adui akamkimbilia kwa hamu. Upanga ukarudi, ukapitia mgongoni mwa adui kabla ya kufika mkononi kwake. Chumba kizima kikapiga yowe. Akashinda yule, akashinda aliyefuata, na jioni bado alikuwa amekalia pembe ya benchi karibu na dirisha, mahali pangu, na pedi nyekundu mapajani.

Kuanzia hapo pigo lile likapata jina. Ukiurusha, ukampa adui mgongo, ukasubiri, umepiga ya Ghorofani. Watoto walimwuliza siri yake naye hakuficha hata kidogo. "Usiuangalie upanga," alisema. "Mimi nikivuta kikapu sikiangalii kikapu, naangalia kamba inapita wapi. Mweke adui kwenye njia ya kamba." Aliyasema hayo kwa upole, kila aliyeuliza akajibiwa, na mimi nilikuwa mlangoni na sinia la bajia kichwani, roho inanichemka. Angalau angekuwa mchoyo ningekuwa na sababu. Nilimwonea gere kwa nywele zake, kwa roshani yake, kwa vile alivyosalimia "marahaba bibi" kimakosa badala ya "shikamoo" na bibi akacheka mpaka akafuta machozi, wakati mimi nikikosea kusalimia nilifinywa sikio.

Nikaapa nitamwondoa kwenye lile benchi. Nilicheza na Mkia wa Taa kila nilipopata nafasi, kwa ile pedi nyeusi isiyokinga. Nikagundua ya Ghorofani ina udhaifu: adui mwerevu akisikia upanga unarudi, anaruka, unapita chini ya miguu yake, naye anakushukia kichwani. Mwenye pedi nzima angejikinga. Mimi sikuwa na cha kujikinga nacho, kwa hiyo nikawa nakimbia. Na katika kukimbia huko nikaona jambo. Upanga unafuata mkono. Ukikimbia kidogo unauchelewesha, adui anaruka mapema, na wakati anatua ndipo upanga unafika. Sikumwambia mtu. Nilitembea na siri yangu kama mtu aliyemeza sarafu.

Tukapambana sikukuu ya Idi. Nilikuwa nimevaa gauni jipya linalowasha shingoni. Chumba kilijaa mpaka dirishani, watoto wa Idi na wasio wa Idi. Yeye alikuja na sahani ya vitamu vya kwao, bibi akampa visheti, na akamwambia kaa mwanangu. Mwanangu! Kisha tukakaa bega kwa bega, yeye na nyekundu, mimi na nyeusi, wote wawili tumechagua upanga uleule.

Alinianza vizuri, nusu ya uhai wangu ikaenda. Nikaurusha, nikampa mgongo. Nikaona yule mtu wake anajiandaa kuruka, maana pigo lilikuwa lake na alijua dawa yake. Nikakimbia. Kidogo tu. Akaruka, akatua, na Mkia wa Taa ukampitia.

Kelele za siku ile nazisikia bado. Lakini unajua walipiga kelele gani? "Kampiga ya Ghorofani! Kampiga ya Ghorofani mwenyewe!" Nimeshinda mimi, linatajwa jina lake. Kaka wa gemu akanitolea pedi nyekundu, akasema, "Umejifunza vizuri kwa mwenzio." Nilitaka kulia. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona. Binti wa Ghorofani alinigeukia, anacheka, akasema, "Ulikimbia! Hiyo mimi sikuijua." Kisha akainuka, akaenda mwisho wa benchi bila kununa, akala visheti vyake. Hata hapo nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kushindwa vizuri vile, maana mimi nikishindwa nililala bila kula.

Hatukurudiana. Wazazi wake waliuza duka, wakahama, sikuambiwa wapi. Siku chache kikapu hakikushuka na bibi akaendelea kutenga bajia nzuri pembeni, kisha akaacha. Nikapata benchi, nikapata dirisha, nikapata pedi nyekundu, na nikashangaa jinsi lile gemu lilivyopoa.

Basi pale dukani yule msichana alirusha upanga, akampa adui mgongo, akakimbia kidogo. Adui akaruka, akatua, akakatwa. Kule kukimbia kulikuwa kwangu.

"Hiyo unaiitaje?" nikamwuliza.

"Hii ndo ya Ghorofani, anti. Kariakoo nzima wanaijua. Mi kanifundisha kaka'angu."

"Na huko kukimbia?"

"Si ndo yenyewe sasa? Bila kukimbia haijakamilika."

Nikavuta kiti. Nikamwambia kwamba Ghorofani alikuwa mtu, binti mmoja mpole, na kwamba nyumba yenye gemu ilikuwa mtaa wa nyuma tu, kabla haijavunjwa. Nikajikuta namweleza kikapu, kamba, namna alivyokaa tuli akisubiri upanga urudi. Nilimsifu kuliko nilivyokusudia. Kisha, kwa kuwa nami ni binadamu, nikamwambia kwamba kule kukimbia kuliongezwa na mtu mwingine, mtoto wa nyumba ya chini, aliyekuwa na pedi mbovu, na kwamba siku moja alimshinda.

Msichana alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Simu ameilaza kifuani, macho yanamng'aa.

"Anti, huyo dada noma sana," akasema. "Huyo wa Ghorofani. Yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia sijui. Nilichukua kava langu, nikatoka. Nje nikainua macho: maghorofa kila upande, vioo na viyoyozi mpaka juu, hakuna roshani hata moja inayoteremsha kikapu. Roho iliniuma vilevile kama zamani, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kumnunia.