Ukuta wa Kalavati la Goweko

Dada yangu amerudi kutoka Dodoma bila kupita. Nilijua kabla hajasema, maana alivua viatu nje kabisa akaja navyo mkononi, taratibu, kama anaingia nyumba yenye mgonjwa. Mimi si msemaji, kwa hiyo nilimpokea begi tu.

Alikuwa ameenda kuhojiwa ili asajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu. Shahada anayo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, lakini bila usajili huo huna muhuri wako, na kila unachochora lazima asaini mwingine. Miaka yote hii amefanya kazi chini ya mhandisi mwenye muhuri, akingoja siku hiyo. Baba alishawatangazia watu wa jumuiya ya kanisani.

Alinieleza tukichambua mchicha uani. Wahojaji walitaka habari za kalavati la Goweko, lile la kupitisha maji chini ya barabara, ambalo ukuta wake mmoja ulivunjwa ukajengwa upya. Kisa hicho nilikuwa nakijua nusu tu. Siku ya kumimina zege, bosi wake alikuwa saiti nyingine, dada ndiye aliyesimamia. Wingu lilikuwa limetanda. Alijua wanapaswa kusimamisha kazi, lakini fundi mkuu ni jirani yetu hapa Chemchem, rika la baba, ndiye aliyejenga nyumba hii tunayolala. Mzee akamwambia, "Mwanangu, hii mvua ya kupita. Tumimine." Dada akasema sawa, baba. Kwetu mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi humpingi mchana mbele ya vibarua. Mvua haikupita. Walipobandua mbao, ukuta ulikuwa matundu matupu kama sega.

Mhojaji mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyemuuliza nani aliamua wamimine.

"Mimi," dada akajibu.

"Ulijua mvua itaharibu?"

"Nilijua."

Yule mama akavua miwani. "Basi kesho ukijua daraja litaanguka, utamwogopa nani?"

Wamemwambia arudi kazini chini ya usimamizi, halafu aombe upya. Mkataba wake kwa yule bosi umeshaisha, na hapa Tabora mwenye muhuri wa kumchukua ni wa kutafuta kwa tochi.

Baba aliposikia hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema, "Hukumvunjia heshima mzee wa watu. Tumekulea vizuri." Alimaanisha kabisa. Dada akainamia sahani, ugali wake ukapoa hivyo hivyo.

Jioni yule jirani fundi akaja kutoa pole, amevaa kanzu, anatoka msikitini. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Mpaka leo anaamini ukuta ule uliharibiwa na saruji. Saruji ya siku hizi, anasema, ni unga wa muhogo. Dada huwa anaitikia kwamba ni kweli, na bosi wake naye alinyamaza, sijui kwa nini.

"Wamekukwamisha wapi, mwanangu?" mzee akauliza.

Dada alitazama mikono yake. Nikadhani sasa atasema.

"Maswali yalikuwa magumu, baba."

Mzee akasikitika kweli. Akasema hao wasomi wa mjini nao wanapenda kukomoa watoto wa watu, kisha akamwombea dua ndefu, na sisi ambao ni Wakristo tukaitikia amina kila alipotua. Baba alikuwa anatabasamu.

Dada akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka. Aliporudi alipitiliza chumbani. Nilipomfuata nilimkuta amelala kifudifudi, ameuma mto ili baba asimsikie analia.