Mdogo Wangu Alimwapia Mama Kuwa Chakula ni Halali

Assalamu alaykum. Admin, ukiiweka hii naomba unifiche. Jina la mdogo wangu nimeshalibadilisha, maana Pemba yetu ndogo, watu wanajuana hata kwa mwendo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwalimu wa skuli ya msingi, nakaa Jadida, Wete, pamoja na mama yangu. Mume wangu amefariki na mtoto sikujaaliwa. Nina mdogo wangu mmoja tu, tumwite Hamadi. Baba alipotutoka Hamadi alikuwa na miaka sita. Nimemlea kama wa tumbo langu, nimemfundisha sala, nimemsomesha Kurani kwa mdomo wangu huu. Ndiyo maana hili limeniuma kuliko mauti ya mume wangu, Mungu anisamehe.

Mwaka juzi Hamadi alipata kazi ya upishi kwenye mkahawa mmoja wa Kichina huko Chake Chake. Mama hakupendezwa. Yeye ni mtu wa kijijini Chokocho, mtu wa kale, hali nyama asiyojua kaichinja nani. Hata harusini huuliza kwanza, mpaka mie naona haya. Hamadi akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono, akamwambia, "Mama, wallahi kila kitu halali. Nachinja mwenyewe, napika mwenyewe." Mama akaridhika, kwa kuwa aliyeapa ni mwanawe. Tangu siku hiyo kila Ijumaa Hamadi akija huja na bakuli la nyama ya ng'ombe ya Kichina, laini, ina tangawizi nyingi. Mama meno hana, ile nyama anaiweza. Hata Ramadhani alifuturu nayo.

Mwezi uliopita mama alitolewa mtoto wa jicho. Alipoanza kuona vizuri, Hamadi akasema safari hii lazima tuje kazini kwake, mama amuone anavyopika. Tukaenda Jumamosi mchana. Mama alivaa buibui jipya, akajitia udi kama anakwenda harusini. Nami kwa kweli nilikuwa na furaha, sijawahi kukaa mkahawani na mama yangu maisha yangu yote.

Hamadi alituweka meza ya dirishani, akatoka jikoni na kofia yake nyeupe, akatuletea wali, mboga, na ile nyama. Mama akamtazama sana, akaniambia, "Mwanangu kawa mtu mzima, na miye n'kimuona kwa kiza tu." Akala sahani nzima.

Nikaenda ndani kutafuta pa kunawa. Mwenye mkahawa, mama wa Kichina wa makamo, anasema Kiswahili vizuri, alikuwa kando ya jiko. Nikamsalimia, nikamshukuru, nikamsifia ile nyama, nikamwambia mama anaila kila Ijumaa. Akaacha alichokuwa anakifanya.

"Ile nyama natia mvinyo," akasema. "Hamadi hajakwambieni? Waislamu tunawapikia sufuria nyingine. Yeye anajua. Mimi nilimwambia siku ya kwanza."

Aliniomba radhi yule mama, na kosa si lake. Nilimgeukia Hamadi, alikuwa pale pale, kijiko mkononi. Hakukataa. Nikamtoa uani, nikamuuliza kwa nini. Akaniambia ile ya sufuria nyingine haina ladha, na yeye alitaka mama ale kile anachosifiwa na wageni. Akasema mvinyo wote unaungua motoni, haubaki kitu. Nikamwambia, lakini uliapa. Akanijibu, "Dada, nisingeapa angekula?"

Jibu hilo ndilo lililonivunja. Kumbe alikaa akapima, akaona jina la Mungu ndiyo njia ya kumpitishia mama chakula. Na mie niliyemfundisha jina hilo nilikuwa nimekaa pembeni nikisema, mama kula, Hamadi kashaapa.

Nilirudi mezani nikamwambia mama tumbo linaniuma, twende. Sikumwambia neno. Njia nzima alikuwa akimsifu mwanawe.

Hamadi alinifuata Wete siku ya pili, akalia, akaniomba nimsitiri, akasema kuanzia sasa ataleta ya sufuria ya Waislamu. Akataka kuniapia tena. Nikamzuia.

Ijumaa iliyofuata akaja na bakuli. Nilimtazama usoni, nikaona siwezi kujua. Nikalichukua lile bakuli nikaenda kulimwaga nyuma ya nyumba. Mama alinichungulia dirishani, sasa macho anayo. Alilia kama mtoto. Aliniambia nina husuda, kwamba nimeona mwanawe anapendwa basi nataka kumvunja. Hamadi alikuwa amesimama hapo hapo, kainamisha kichwa, akaniacha niitwe hasidi.

Hii wiki ya tatu mama hasemi nami ila kwa shida. Chakula changu anakirudisha nusu. Jana nimemsikia akimwambia jirani yetu kuwa Ijumaa atakwenda mwenyewe Chake kula kwa mwanawe, na huyo jirani amfuate.

Najua asiyejua hana dhambi, masheikh wamesema. Lakini nikimwambia, namjua mama yangu, atazihesabu Ijumaa zote zile na futari zote zile, na ana miaka sabini na moja. Nachelea atakufa na huzuni hiyo, tena kwa mwanawe wa pekee wa kiume. Nikinyamaza, mimi ndiye ninayemtazama akila, na hapo dhambi ni yangu si ya Hamadi tena.

Ijumaa ni keshokutwa. Ndugu zangu, nyie mlio na mama na mliowazika wenu, niambieni: nimwambie mama, au nibaki hasidi machoni pake? Nishaurini, nifanye nini?