Minerva ya Mama Kulthumu

Mwaka 1975 Mama Kulthumu, fundi wa kushona viti vya magari pale mtaa wa Bel-Air, alimaliza kufufua Minerva aliyoachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa gari la Kibelgiji, na kiwanda chake kilifungwa zamani. Karatasi za gari zilikuwa zimeliwa na mchwa. Akavaa kikwembe kipya cha kitenge, akaliendesha mwenyewe hadi ofisi ya kuandikisha magari.

Karani alipitisha kidole mara mbili kwenye orodha ya aina za magari.

“Mama, hii marque haiko mu liste. Tuandike Ford, tumalize.”

“Hapana, papa. Siku polisi ataangalia motere, ataniita mwizi. Kuya uone.”

Nje, alimwonyesha kibati cha shaba kando ya injini, chenye jina la kiwanda na namba ya chasi. Kisha akainama, akalaza karatasi juu ya chasi yenyewe, akasugua kwa penseli mpaka tarakimu zilizogongwa kwenye chuma zikajitokeza.

“Lakini fabrike ilikufa,” karani alisema.

“Fabrike ilikufa. Gari iko muzima.”

Karani alicheka, akapiga magoti na kulinganisha namba. Zilikuwa sawa. Ndani ya ofisi, chini ya mstari wa mwisho uliochapwa kwenye orodha, aliandika Minerva kwa kalamu huku Kulthumu akimtajia herufi, kisha akagonga muhuri.

Jumapili Kulthumu aliendesha hadi upande wa Annexe, kwa shemeji yake aliyewahi kumshauri auze gari lile kama vyuma. Shemeji alilizunguka, akasoma kibao cha namba mpya, akaomba apandishwe.