Niliigiza Mchawi, Sasa Wakwe Wanataka Nile Kiapo

Asalaam aleikum admin, na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche tafadhali, ingawa uso wangu huenda wengine mmeshauona kwenye simu zenu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, mjane, naishi kijiji kimoja upande wa Msambweni. Nimechoka. Sina neno jingine la kuanzia.

Nilipokuwa msichana nilikuwa kwenye kikundi cha michezo ya kuigiza, tukachukuliwa tuonyeshwe kwenye televisheni. Mimi nilikuwa mama wa kambo, mkorofi, namnyima mtoto wa watu chakula. Enzi hizo kijiji chetu kilikuwa na televisheni moja, ya kichogo, inakula betri ya gari. Mmoja yuko juu ya paa anazungusha arieli, walio chini wanapiga kelele, "Bado! Umepitisha! Hapo hapo, usiguse!" Na picha yenyewe chenga tupu. Lakini tulikaa mkekani wakubwa kwa wadogo tukaangalia mpaka mwisho, kwani pa kwenda palikuwa wapi? Kesho yake sokoni muuza samaki ananishika kanga: "We mwanamke huna haya! Usipompa yule mtoto chakula, samaki wangu huli!" Soko zima linacheka, nami nacheka, napimiwa samaki wangu naenda zangu. Mchezo ulipofika mwisho nikatubu, nikamkumbatia yule mtoto, na muuza samaki akalia kwikwi. Hakuna aliyenichukia hata siku moja.

Sisemi michezo ya zamani yote ilikuwa dhahabu, la. Mingine ilichosha, mtu anaongea mpaka anasahau alilotaka kusema. Na ya sasa picha zake zang'aa, nywele waweza kuzihesabu. Ndiyo maana mwaka jana vijana wa bara walipokuja Diani kutengeneza tamthilia wakanitafuta, nilifurahi kama mtoto wa Idi. Nikapewa nafasi ya bibi ambaye kijiji kinamshuku uchawi, kumbe masikini hana hatia. Mchezo mzima unasema hivyo, msiwaonee wazee. Nikaona hii ni kazi ya maana.

Kuna mahali yule bibi anaona kichanga kinaungua na homa na wazazi wamekaa tu. Anapiga ukelele, "Mtoto huyu hafiki arobaini! Mpelekeni hospitali, mwanitazama nini?" Nilisema kwa uchungu mpaka machozi yakanitoka. Kijana mwongozaji akaruka juu: "Mathe, umeua! Umeua kabisa!" Kwao hiyo ni sifa.

Sasa sijui ni nani aliyekikata kile kipande. Nywele timutimu, macho mekundu, kidole nimekinyoosha, "Mtoto huyu hafiki arobaini!" Halafu ngoma, kimekwisha. Hospitali haipo. Kimezunguka kwenye simu mpaka Lunga Lunga. Watoto wa kijiji wakiniona wanakimbia, na sahani niliyompelekea jirani Ijumaa ilirudi na wali wake, imefunikwa vilevile nilivyoifunika.

Hayo ningeyavumilia. Lakini binti yangu, ndiye huyo huyo mmoja niliye naye, ana mimba ya kwanza na mwezi wake ndio huu. Kwetu uzazi wa kwanza mtu huja kwao, mamake amkande kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amwogeshe mtoto mpaka arobaini. Nimeshachana kanga kuukuu za kumfunga mtoto winda, nimezifua, nimezikunja. Ndipo akaja mama wa mume wake, yeye na kaka yake wa kuzaliwa naye. Akanisalimia vizuri, akakaa, akasema, "Mkwe, sisi hatukusemi vibaya. Lakini mtoto ni wetu sote. Twende kwa mzee wetu wa uganga ukale kiapo, roho zitulie, kisha binti yako aje kwako."

"Kiapo cha nini, mkwe?"

"Kwamba huna kitu."

Nikamwambia huo ni mchezo, na huyo bibi hata ndani ya mchezo hana kitu. Kaeni niwawekee, tuangalie wote mpaka mwisho. Akatazama chini. "Mkwe, ni mrefu sana huo." Nikasema basi nitashika msahafu mbele yenu. Kaka yake akanong'ona, nami masikio ninayo, "Msahafu hata wao hushika."

Wao! Yaani mimi nimeshakuwa wao. Nilishindwa hata kuwasindikiza mlangoni.

Nikampigia binti yangu. Nilitegemea acheke, au akasirike kwa ajili yangu. Akaniambia polepole, "Mama, mimi nakujua. Lakini kula tu hicho kiapo, yaishe."

Nikamuuliza, "Mwanangu, huo mchezo wangu uliuangalia mpaka mwisho?"

Akanijibu, "Mama, siku hizi nani anaangalia kitu mpaka mwisho?"

Jamani, nikila kiapo kwa mganga nimemkosea Mola wangu, na nitakuwa yule bibi aliyeapishwa. Siku mtoto wa yeyote akishikwa na homa, njia ya kuja kwangu itakuwa imeshajulikana, na mwajua huku kwetu wazee hufanywa nini. Nikikataa, mjukuu wangu ataogeshwa na mikono mingine, nami nitamuona kwenye simu, kipande kipande. Machozi yameniisha, hata kulia nimechoka.

Nishaurini, wanangu. Nile kiapo, au nikae na winda zangu nisubiri? Ila namuuliza yule aliyesoma mpaka hapa. Mlioishia kwenye kichwa cha habari, nyinyi nimeshawasikia.