Mama Lugano na Mlango wa Banda la Gari

Pale Mbugani, mjini Kyela, hakuna aliyemjua Mama Lugano kuwa mwanamke wa kelele. Jina lake ni Kisa, yaani huruma kwa Kinyakyusa, nalo lilimkaa vizuri. Alizaliwa Ikolo katikati ya migomba na mikakao, akaolewa na mwalimu Aliko, na kwa miaka kumi na tisa akafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hakuwa mpepetaji wala mshona magunia. Yeye alikuwa mwangalizi wa mkanda. Mkanda ukianza kulia tofauti, Kisa alikuwa ameshainua mkono mashine izimwe kabla hata mwenye mashine hajasikia kitu. Mara moja tu hakusikilizwa, na siku hiyo mwenzake mmoja aliondoka pale na vidole vitatu kwenye mkono uliokuwa na vitano. Tangu hapo hakukiamini chuma chochote kinachotembea, hata kingepakwa rangi nzuri namna gani.

Mwalimu Aliko alipostaafu alinunua gari, akajenga banda ubavuni mwa nyumba. Mlango wa kawaida hakuutaka. Alikuwa ameona Mbeya mlango unaopanda juu na kulala chini ya paa, akasema na yeye lazima awe nao. Fundi Dickson, mchomeleaji mwenye karakana karibu na stendi, akamtengenezea: bati zito juu ya fremu ya chuma, waya mmoja kila upande ukipita kwenye kapi, na mwisho wa kila waya bomba lililojazwa zege ili kusawazisha uzito. Uliusukuma kwa mkono mmoja, nao ukapaa. Wiki ile ya kwanza majirani walikuja kuujaribu kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga.

Nancy, mjukuu wao wa miaka sita, aliubunia mchezo. Babu akianza kuushusha, yeye anatoka mbio ndani na kupita chini yake kabla haujagusa sakafu. Babu alicheka mpaka akajifuta machozi. Bibi hakucheka.

Mvua za Kyela hazina huruma na chuma. Masika ya pili yalipokwisha, asubuhi moja Mama Lugano alikuwa anafagia uani wakati mume wake akiufungua mlango. Akasikia sauti nyembamba, kama ya mtu anayesaga meno usingizini. Akaegemeza ufagio ukutani. Alipanda kwenye kigoda, akashika pindo la kanga yake na kulipitisha taratibu juu ya waya wa kushoto. Karibu na kapi, kanga ilinasa. Alipoangalia aliona nyuzi za chuma zimekatika, zimesimama kama miiba.

"Baba Lugano, huu mlango usiguswe tena."

"Una miaka miwili tu, Mama Lugano. Tutampigia Dickson aje aupake grisi."

"Grisi haiungi waya uliokatika."

"Wewe ulikuwa wa mikanda ya mpunga," alisema Aliko kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi.

Alisubiri mlango uwe chini, akaenda dukani, akarudi na mnyororo na kufuli, akaufunga. Ufunguo aliufundika kwenye ncha ya kanga.

Gari likabaki ndani. Jumapili mwalimu Aliko, na suti yake na Biblia yake, alikwenda kanisani kwa bajaji, amenuna njia nzima. Mkewe alikaa kando yake akisalimia watu. Naomi, mke wa mtoto wao Lugano, ambaye ndiye mama yake Nancy, alijaribu kumtetea baba mkwe. "Mama, mpe ufunguo, watu wanaanza kusema." Mama Lugano akamwuliza, "Wewe unaweza kumsimamisha Nancy chini ya ule mlango na kuhesabu mpaka mia?"

Siku ya nne Dickson akaja na kopo lake la grisi. Mama Lugano alimpokea vizuri, akampa maji ya kunywa, kisha akafungua kufuli. Dickson aliuinua mlango, ukapanda, ukatulia juu.

"Unaona, mama? Uko imara."

Mama Lugano aliingia jikoni akatoka na boga kubwa. Akaliweka sakafuni, pale pale Nancy anapopitia. Akafunga kamba kwenye ukingo wa mlango, akaileta mpaka uani na kumkabidhi Dickson.

"Vuta. Si kwa nguvu ya mtu mzima. Vuta kama mtoto anayebembea."

Dickson alivuta huku anacheka. Mlango ukatikisika, ukakaa. Akavuta tena. Aliko akakunja mikono kifuani, karibu kutabasamu. Mara ya tatu kitu kililia *ping!* kule juu, na kabla mtu hajafumba macho mlango ulikuwa chini. Bomba la kushoto liliporomoka na kutoboa sakafu. Boga lilikuwa limepasuka vipande vipande, mbegu zimeruka hadi kwenye viatu vya mwalimu.

Nancy alikuwa amebebwa na mama yake, salama, mbali. Hata hivyo Aliko alilitazama boga, akamtazama mtoto, akarudi kulitazama boga. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Nami nilikuwa nacheka," alisema. "Mama Lugano, nilikuwa nacheka."

Dickson bado ameishika kamba. "Mama, nimekosa."

"Basi shika tepu, tuanze kupima upya."

Walianza siku ileile. Mama Lugano alikumbuka winchi ya pale mashineni, ile waliyonyanyulia injini. Ilikuwa na kidole cha chuma kilichong'ata meno ya gurudumu, mzigo usirudi chini. Akakichora kwa kijiti ardhini. Dickson alichuchumaa, akatazama, kisha akaanza kuongeza mistari yake. Reli za pembeni zichongwe meno. Kila upande uwe na kidole chenye springi. Waya ukiwa umekaza, kidole kinajificha. Ukilegea tu, kinaruka na kung'ata. Nyaya ziwe mbili kila upande. Mabomba ya zege yafungiwe ndani ya kasha la bati, yasimwangukie mtu mguuni. Pini ya kufungia iwe juu, mkono wa mtoto usifike.

Kazi ya kwanza Mama Lugano aliikataa. Springi ilikuwa dhaifu na kidole kilichelewa. Alikirudisha kidole hicho karakana mwenyewe, kimefungwa kwenye gazeti. Ya pili Dickson aliileta akiwa na uso wa mtu aliyekesha.

Jumamosi watu walijaa uani, maana habari ya boga ilikuwa imefika sokoni. Mlango uliinuliwa. Mama Lugano akasogeza kila mtu nyuma, akamgeukia fundi.

"Kata nyaya."

"Nyaya mpya, mama?"

"Zote. Anza kushoto."

Dickson alipanda ngazi, kando, mbali na njia ya mlango. Grenda ikalia, cheche zikamwagika. Nyaya za kushoto zikaenda, na mlango haukutikisika. Akahamia kulia. Mmoja ukakatika. Mwalimu Aliko alikuwa ameushika mkono wa mkewe bila kujua. Wa mwisho ukakatika, mlango ukaanguka upana wa kiganja kimoja, *kwaa!* ukasimama. Ukasimama kabisa, unaning'inia kwa meno yake, na chini yake pakabaki nafasi ya mtu mzima kupita.

Naomi ndiye aliyeanza vigelegele. Wanawake wa sokoni wakaitikia. Dickson alishuka ngazi akaruka hatua tatu za mwisho, na mwalimu Aliko, ambaye hajawahi kumshangilia mtu hadharani, alivua kofia yake na kuirusha juu.

"Ndaga fijo, mama!" alipaza sauti mbele ya watu wote. "Asante sana! Mtu wa mikanda ya mpunga!"

Safari hii Mama Lugano alicheka mpaka akashika mbavu.

Miezi michache baadaye muuguzi mmoja aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, Emerensiana, alibisha hodi. Nyumba aliyopanga ilikuwa na mlango mzito wa gari, na ana mapacha wanaotambaa. Mama Lugano alimwita Dickson. Dickson akafanya kazi siku mbili, na siku ya tatu, Jumapili, Mama Lugano akipitia huko baada ya ibada, alikuta kazi imeisha na mlango uko juu.

"Umejaribu?" aliuliza.

"Nimejaribu, mama. Nimekata nyaya, nikaweka nyingine."

Mama Lugano aliangalia meno, akahakikisha pini ya kufungia imeingia, akapapasa nyaya kwa kanga. Kisha akamkabidhi Emerensiana mkoba, akavua viatu vyake vya kanisani, akanyoosha mikono na kuudandia ukingo wa mlango.

"Mama Lugano, jamani, utaanguka!"

Miguu ikatoka ardhini. Mlango haukushuka hata nukta. Mama wa miaka sitini na mmoja, na gauni lake la Jumapili, alikuwa anabembea hewani, anabembea na kucheka, na mapacha wawili kwenye mkeka wanampigia makofi.