Kabari ya Mkandaa Katika Pikapu ya Mtoro

Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, pikapu ya Mtoro ilianza kulia saa moja na dakika kumi asubuhi ilipowashwa Kibiti. Ilinyamaza dakika kumi tu, dereva alipokunywa chai Ikwiriri, kisha ikaendelea mpaka saa tatu kasorobo ilipozimwa mbele ya nyumba ya Subira, Mohoro. Kila aliyekuwa kando ya barabara alijua kwamba Mtoro anapita, na wengi walijua anakokwenda.

Mtoro alikuwa mgane wa miaka arobaini na sita, nadhifu wa mavazi na mbishi wa tabia, aliyeishi kwa kubeba mpunga, ufuta na nguzo za mikoko. Subira alikuwa mjane, muuza mchele. Tangu Mtoro ampende, alikuwa amenunua mchele mwingi hata chumbani kwake magunia yalikuwa yamefika dirishani.

Siku hiyo Subira alimpokea mlangoni, mikono kifuani.

"Bwana Mtoro, wewe huji kwangu, wewe unatangazwa. Ukifika darajani tu, majirani wananikumbusha kuteleka chai."

"Si jambo jema hilo?"

"Jema kwa majirani. Jumamosi mjomba wako analeta posa kwa kaka yangu. Gari hilo likiingia mtaa huu likilia, posa na irudi nalo. Sitaki kuolewa na tarumbeta."

Mtoro alirudi Kibiti kichwa chini, gari likimlilia njia nzima. Si kwamba hakuwa amelihangaikia. Kwanza alikuwa ameupaka mkanda wa feni mafuta ya nazi, kwa hoja kwamba bawaba ya mlango ikilia hupakwa mafuta. Mkanda ukazidi kulia. Ndipo akashuku kwamba jini wa mikokoni amepanda na mzigo wa nguzo, akainyunyizia injini marashi huku ikiunguruma. Kelele ikakoma. Mtoro akainua mikono kushukuru, na kabla hajaishusha kelele ikarudi.

Ijumaa, baada ya sala, akaipeleka kwa Mwanahalima, fundi mwenye gereji nyuma ya maghala ya ufuta. Mwanahalima alikuwa Mmatumbi, Mtoro Mndengereko. Walikuwa watani, na baina yao matusi yalitangulia salamu.

"Mtani, nimekusikia tangu unafunga mlango wa nyumba yako. Umeleta gari au unachinja mbuzi?"

"Tengeneza, wewe uliyeshuka mlimani ukidhani gari ni ng'ombe."

"Angekuwa ng'ombe angeshakufa, akapumzika na adha zako."

Akafungua boneti, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua moja.

"Injini inanukia kama bibi harusi. Na haya mafuta ya nazi, ulitaka kuikaanga?"

Mtoro akaeleza habari ya jini kwa sauti ya chini. Alitarajia kicheko, lakini Mwanahalima hakucheka.

"Ulipoimwagia marashi, ilinyamaza?"

"Ilinyamaza kidogo, ikarudi."

"Basi jini wako amenifanyia nusu ya kazi. Mkanda uliolegea ukilowa huzidi kupiga kelele. Unaonyamaza ukilowa, huo unakwenda upande."

Akalaza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya puli zote, yale magurudumu yanayozungushwa na mkanda. Puli ya altaneta ilikuwa imejitokeza nje, kama mtu aliyekosea safu msikitini. Akaingiza mkono chini yake, akapapasa, akatoa kipande cha mti cheusi kwa joto na vumbi.

"Hiki nini, mtani?"

Mtoro alikitambua mara moja. Ilikuwa kabari ya mkandaa, mti mgumu wa mikokoni. Mwaka uliotangulia, akirudi na mzigo kutoka Nyamisati, bushi inayoishikilia altaneta ilipasuka porini, naye akachonga kabari kwa panga na kuipachika. Watu wa delta husimamisha nyumba zao kwa mkandaa. Ungewezaje kushindwa na altaneta? Alijisifu barazani mwezi mzima, kisha akasahau kwamba kabari imo.

"Mkandaa hauozi," alijitetea.

"Haukuoza. Umekonda, altaneta ikaenda upande. Hata wewe ungekonda ukikalishwa juu ya injini mwaka mzima, na altaneta ingekuegemea vivyo hivyo."

Akafunga bushi ya chuma, bolti mpya na mkanda mpya, akapima tena kwa kile chuma, akawasha. Mtoro akatega sikio.

"Mbona haijawaka?"

"Imewaka, mtani. Hujawahi kuisikia injini yenyewe, basi." Akamtia kabari mkononi. "Na mtoto wako huyu hapa."

Jumamosi Mtoro alimchukua mjomba wake, Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa mshenga. Mzee alilalamika kwamba katika ukimya ule itawalazimu kuzungumza. Walifika Mohoro, wakasimama mbele ya nyumba ya Subira, wala hakutoka mtu kuwalaki.

Ghafla Mtoro akasikia ule mlio. Akashuka, akashika boneti, injini ilikuwa imezimwa. Mlio ulitoka uani. Kwa desturi mposaji hukaa mbali na nyumba, lakini miguu yake haikungoja desturi.

Uani, katikati ya wanawake wanaochambua mchele, Subira alikuwa ameshika ungo kama usukani, mashavu yamevimba, akilia kama mkanda. Akajifanya kushuka garini, akanyoosha kofia isiyokuwapo, akasema kwa sauti ya Mtoro: "Nimepita tu kuuliza bei ya mchele." Wanawake wakaangukiana. Kisha mmoja akamwona mgeni, na kicheko kikakatika.

Subira akashusha ungo. Mtoro, aliyeweza kubishana hata na mvua, alitikisa kichwa.

"Umekosea," alisema. "Ikipanda daraja haipandishi sauti. Huishusha, hivi." Na pale pale, kwa uso wa mtu anayetoa ushahidi barazani, akalia.

Subira alicheka mpaka akakalia kinu.

"Mjomba wako yuko wapi?"

"Garini."

"Aende kwa kaka, anamngoja. Nami nilikwisha kumwambia la kujibu." Akajifuta macho. "Lakini gari hilo, mbona sikulisikia?"

"Uliniambia linyamaze."

Mwezi Agosti 2025, kabari ile ya mkandaa ilikuwa ikizuia mlango wa jiko la Subira usipigwe na upepo. Bawaba za mlango huo zilikuwa zikilia, na Mtoro, sasa mume wake, alikuwa amekatazwa kuzigusa, kwa mafuta ya nazi au kwa marashi.